Sukari Haikuwa Kikombeni

Mizani niliibeba mimi.
Ya shaba, kilo nne na nusu, nimeifunga blanketi la mtoto
baridi isije ikaifundisha uongo.
Aulikki alibeba madaftari,
na gari la chuo, ambalo hita yake ilikufa tangu Novemba,
likatupitisha juu ya ziwa lililoganda,
mashariki ya Ufini, mwaka wa sabini na nne.

Nyumba mia mbili na kumi na mbili.
Tulipima siagi kabla haijapakwa,
viazi kabla ya chumvi,
mkate mweusi, mgumu kama wenyewe.
Idarani waliiita kazi yake utafiti wa jikoni,
wakacheka kwa adabu, midomo imefumba,
wakampa chumba chini ya ngazi, pamoja na mifagio.

Onni Tirkkonen alikuwa namba mia moja na kumi na nne.
Mkata magogo. Kalamu ilipotea vidoleni mwake.
Aulikki alimuuliza kama fomu ilivyotaka:
Unatia sukari kiasi gani kwenye kahawa?
Alifikiri kama mtu aliye kizimbani.
Sitii, akasema.
Nikaandika sifuri. Mwandiko ni wangu.

Sifuri ile ilizaa.
Ilipata ndugu nyumba hata nyumba,
wanaume wenye damu tamu na vikombe vichungu,
na kutoka kwao ukachorwa mstari,
kutoka kwenye mstari tasnifu,
kisha makala, kisha kiti cha uprofesa,
chumba chenye dirisha,
vijana wakiinukuu sifuri yangu kwa lugha nisizozijua:
sukari haina hatia, tafuteni kwenye siagi.

Miaka kumi na saba ikapita, Onni akalazwa,
mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti.
Hatukwenda kumpima. Tulimpenda tu.
Muuguzi alileta kahawa.
Onni akaimimina kwenye kisahani,
akabana kipande cha sukari katikati ya meno
akaivuta kahawa ipite humo, kwa kelele,
kama babaye, kama kila mzee wa upande ule.
Kisha kipande cha pili.
Kisha cha tatu.

Onni, uliniambia hutii.
Kwenye kahawa sitii, akasema,
kwa mshangao wa mtu asiyewahi kusema uongo.
Natia kinywani.

Aulikki alizaliwa pwani ya kusini,
kule wanakokoroga kwa kijiko.
Garini alikaa kimya hadi taa za mji zilipoonekana.
Raili, wewe ni wa huku. Ulijua?
Nikamwona babu yangu, kisahani mkononi.
Nilijua.
Mbona hukusema?
Fomu haikuuliza, nikasema,
nami nilikuwa mbeba mizani.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Wakubwa walimwambia: acha, umebakiza miaka michache,
nani atafukua nyumba za kijijini?
Akafukua. Waliokuwa hai walikuwa mia moja na nane.
Safari hii alikaa jikoni bila fomu,
akanywa walivyokunywa, akaunguza ulimi,
akahesabu vipande kimoyomoyo.
Yalichapishwa masahihisho, nusu ukurasa, herufi ndogo:
Swali letu lilikuwa na kosa.
Chini yake jina lake, na kando ya jina lake, langu.
Miaka yote ile ya makala
halikuwahi kuandikwa popote.

Waliomnukuu hawakurudi kusoma.
Wengine bado wananukuu ile ya kwanza.

Leo mizani iko kwangu, dirishani, haina kazi.
Aulikki alinipa siku alipofungasha vitabu vyake,
bado imefungwa blanketi lilelile.
Asubuhi nyingine, kahawa ikichemka,
naweka juu yake kipande kimoja cha sukari
na kuinama kutazama.
Mshale hausogei.